Zimwi Lenye Sweta la Shule

Gazeti halikuwa la Mhariri. Mhariri hanunui gazeti, wala hajawahi kufanya kazi ya gazeti. Alikuwa karani wa mizigo mpaka alipostaafu. Ila gazeti lolote likikanyaga kijiwe chetu litaishia mikononi mwake, na atalisoma kwa sauti ya hakimu anayefunga watu. Mchana huo alilichomoa kwapani kwa mteja wa kinyozi, mtu aliyekuwa amefungwa shuka shingoni na hakuweza kulipigania.

“Nyamazeni mjifunze,” akasema, ingawa aliyekuwa anapiga kelele ni yeye peke yake. “Kuna kijana amecheza gemu ya kutisha. Alipoizima akatoka mbio bila viatu mpaka kwa jirani, akapiga magoti, akaungama kwamba wale kuku waliopotea mwaka juzi aliwala yeye.”

“Kuku wangapi?” akauliza Mama Cherehani, mguu uko kwenye pedeli ya mashine yake.

“Haijaandikwa.”

“Basi mwandishi naye amekula mmoja.”

Wembe, kinyozi wetu, akatoka mlangoni na mashine ya kunyolea ikivuma mkononi. Mteja wake akamfuata na shuka lake, kichwa kimenyolewa upande mmoja, maana gazeti lilikuwa lake na alitaka kujua limesema nini.

“Uongo wa mchana kweupe,” Wembe akasema. “Gemu ni picha zinazotembea. Picha haiwezi kumfanya mtu mzima na akili zake ataje kuku.”

“Kwani wewe una kuku gani unaowaogopea?” nikamuuliza, kwa utani tu, huku namimina kahawa.

“Mimi sina kuku, Birika. Wewe mimina.”

Birika ndiyo mimi. Nauza kahawa kwenye baraza la vyumba vinne vilivyoshikana: cha Wembe, cha Mama Cherehani, chumba cha gemu, na mwishoni stoo wanayotumia wote. Mbele ya vyumba hivyo kuna benchi moja refu, na jiko langu liko ubavuni mwa benchi. Nasikia kila kitu, hata nisichokitaka, na sina mlango wa kufunga.

Mwisho wa benchi palikuwa wazi. Hapo ni mahali pa Dakika, fundi saa. Tulimpa jina hilo kwa sababu ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, anajibu dakika moja tu, na mwezi unapita. Mchana ule alikuwa stoo anatoa vitu vyake na kuvipanga kwenye mkokoteni wa kuazima. Alikuwa anahama, na kisa cha kuhama kilikuwa majoho.

Mama Cherehani alishona majoho ya mahafali ya chuo kizima akayatundika stoo. Mlango ukaachwa wazi, mbuzi akaingia. Mbuzi yule alianza chini akipanda juu, kwa utaratibu, kama mtu aliyetumwa. Wahitimu walipanda jukwaani majoho yakiishia magotini, na mkuu wa chuo akagawa vyeti huku anatazama paa. Siku mbuzi alipoingia, ufunguo ulikuwa kwa Dakika. Mama Cherehani alimtamkia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya kahawa, na ufunguo akanyang’anywa. Sasa fundi saa asiye na mahali pa kulaza saa za watu atakaaje? Amepata kibaraza mtaa wa mbali. Nasema wazi kwamba nilikuwa na huzuni, na wenzangu pia walikuwa nayo, ndiyo maana tulikuwa tunabishana kuhusu kuku kwa sauti kubwa vile. Hakuna aliyetaka kusikia mkokoteni ukipakiwa.

“Mimi nasema hatia ni ugonjwa wa watu wasio na kazi,” Mhariri akaendelea. “Mtu mwenye shughuli zake hana nafasi ya kukumbuka alichofanya.”

“Kweli kabisa,” Wembe akadakia. “Mimi nikitaka kutishwa naangalia kichwa cha huyu mteja.”

“Mbona ni wewe umekiacha hivi?” mteja akasema.

“Nyamaza, tunazungumza mambo makubwa.”

“Hiyo gemu ninayo.” Sauti hiyo ilitoka chumba cha tatu. Ni Shemeji, mwenye chumba cha gemu. Kwa haki ni shemeji wa Wembe tu, kwa kuwa ameolewa na mdogo wake, lakini Wembe alimwita hivyo kwa sauti kubwa mpaka mtaa mzima ukawa wakwe. Akasimama mlangoni akifuta mikono. “Si ya kupigana risasi. Unakuwa mtu mzima anayerudi kwenye nyumba aliyokulia. Humo ndani kuna zimwi linamfuata chumba kwa chumba. Kumbe zimwi lenyewe ni kosa lake la utotoni, alilolikalia miaka yote.”

“Kosa lina miguu?” Mhariri akauliza.

“Kwenye gemu lina miguu. Na limevaa sweta la shule.”

Mashine ya Mama Cherehani ikapunguza mwendo. “La kufuma au la dukani?”

“Tazama mwenyewe, mama.”

Kabla hatujakubali wala kukataa, Shemeji alikwisha kugeuza televisheni ikatazama benchi, waya ukapita dirishani, na rimoti ya gemu ikawa mkononi mwa Wembe. “Wewe umesema picha haziwezi kitu,” akamwambia. “Cheza tukuone, shem.”

“Naicheza kwa mkono mmoja,” Wembe akasema, akampa mteja ile mashine ya kunyolea amshikie.

“Kwanza mchagulie mtu wenu kazi. Kuna askari, daktari, mwalimu na mwanasheria.”

“Kinyozi hakuna?”

“Hakuna.”

“Hawa watu hawakufanya utafiti.”

“Chukua mwalimu,” Mhariri akashauri. “Mwalimu hakosei.”

“Aliyemfundisha mwanangu hesabu hakosi kukosea,” Mama Cherehani akasema. “Chukua daktari. Hilo zimwi likiona sindano litatulia.”

Daktari akapita. Shemeji akasema sasa kuna pointi za kumgawia: nguvu, ujasiri, ulimi na kumbukumbu.

“Ulimi ni wa nini?” Mhariri akauliza.

“Ni uwezo wa kujieleza. Ukibanwa unajitoa kwenye lawama.”

Hapo benchi lote lilisema kwa mkupuo mmoja, zote ziwekwe kwenye ulimi. Shemeji akatuangalia. “Kumbukumbu mnaiacha sifuri? Mtu wenu hatajua hata alichofanya.”

“Ndiyo salama yake,” Mhariri akasema. “Mtu asiye na kumbukumbu hana kesi. Mnadhani wakubwa maofisini wanapandaje vyeo? Wembe, weka ulimi mpaka mwisho.”

Wembe akaweka. Daktari wetu akaingia kwenye nyumba yenye giza, tochi mkononi, sakafu ikilia kila anapokanyaga. Picha za ukutani zilikuwa zimegeuzwa. Kuna mtu alikuwa anahema nyuma ya ukuta, taratibu, na mteja wa Wembe akasogea akakaa katikati yangu na Mhariri bila kuombwa. Mwisho wa korido likatokea lenyewe. Refu, halina uso, limeinama kwa sababu dari ilikuwa chini, na kweli lilivaa sweta la shule lililokomea juu ya kitovu.

“Limebanwa makwapani,” Mama Cherehani akasema. “Nani kalivalisha hivyo?”

“Ni sweta la utotoni, mama. Zimwi limekua, sweta halikukua.”

“Maskini,” akasema, na kuanzia hapo alikuwa upande wa zimwi.

“Kimbia,” mteja akamwambia Wembe.

“Asikimbie,” Mhariri akasema. “Hujaona umri wa hilo jitu? Msalimie kwanza. Umeingia nyumbani kwa mtu.”

“Ni nyumba yake mwenyewe, mzee,” Shemeji akasema.

“Hata kama. Adabu haina chumba.”

Wembe akatafutatafuta, akabonyeza alama ya kusalimia. Zimwi lilikuwa linakuja na mikono mbele. Likasimama. Likashusha mikono. Likavuta kiti, likakaa. Shemeji akaweka mkono kinywani. Alisema tangu ainunue gemu hajawahi kuona zimwi likikaa, maana wateja wake wote hukimbia, na wengine huangusha rimoti na kutoka nje. Hakujua kwamba hata kiti kile kinakalika.

“Watoto wa siku hizi,” Mhariri akasema, amejaa raha. “Mwenyeji hata hawamsikilizi shida yake.”

Shida ya zimwi ilikuwa maswali. Yaliandikwa chini ya kioo na Shemeji akawa anatusomea. La kwanza: ulikuwa wapi usiku ule? Majibu yalikuwa matatu, nilikuwepo, nilisafiri, na usiku upi.

“Usiku upi,” tukasema wote.

Zimwi likaongezeka urefu palepale kitini. Likauliza: kwa nini mama yako alilia? Tukajibu ni moshi ulimwingia machoni. Likavimba mabega. Likauliza kwa nini hujarudi miaka yote hii. Mhariri akasema jibu ni kazi nyingi, na Wembe akabonyeza kazi nyingi, na kitu kikalia tii kwenye televisheni.

“Mshono wa bega umeachia,” Mama Cherehani akasema kwa uchungu. “Mnalionea hilo jitu. Linauliza vizuri tu.”

“Linachimba,” Wembe akasema. “Ya zamani si yamepita? Linatafuta nini?” Nikaona ameanza kushika rimoti kwa mikono miwili.

“Hili ndilo la mwisho kwenye chumba hiki,” Shemeji akasema. “Nyumba iliungua. Kuna mtu aliacha mshumaa unawaka akatoka kwenda kucheza. Walimsingizia mdogo wake huyu daktari wenu, naye akahamishwa, akapelekwa kuishi na ndugu wa mbali. Sasa zimwi linauliza: nani aliacha mshumaa? Majibu ni haya. Ni mimi. Ni mdogo wangu. Sijui.”

“Tupige kura,” Mhariri akasema.

“Na mimi nina kura?” mteja akauliza.

“Nusu, kama kichwa chako. Mimi nasema ni mdogo wake. Tena hayupo. Mtu aliyehama ni rahisi, hawezi kusimama akakanusha.”

Akacheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Sijui kama alisikia alichosema au alisikia gurudumu la mkokoteni, ambalo lilikuwa linasaga kokoto kuja upande wetu. Wembe alikuwa hajabonyeza. Jasho lilimtoka puani, ingawa tulikuwa kivulini.

“Rimoti imekwama,” akasema.

“Haijakwama,” Shemeji akamjibu.

“Nimekwambia imekwama, shemeji.”

Dakika akaegesha mkokoteni mbele yetu. Meza yake ya kufanyia kazi ilikuwa imefungwa kamba miguu juu, na saa ya ukutani iliyolazwa pembeni ilikuwa bado inatembea. “Haya jamani,” akasema. “Nimemaliza. Nimeona si vizuri niondoke kimyakimya, nimekuja kuwaaga.”

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama Cherehani akaendesha mashine yake kwa nguvu, na kitambaa hakikuwemo. Mimi nikammiminia Dakika kahawa, maana ndicho ninachojua kufanya.

“Kaa kidogo, kaka Dakika,” Mhariri akasema. “Tuna kesi hapa imetushinda.”

Dakika hakukaa. Alisoma lile swali kwenye kioo polepole, midomo ikitembea, kama anavyosoma chapa nyuma ya saa. Akauliza wapi pa kubonyeza. Shemeji akamwonyesha. Akaitoa rimoti mikononi mwa Wembe, akabonyeza ni mimi, akamrudishia.

Zimwi likasimama. Likaanza kupungua, mabega yakashuka, mikono ikafupika, mpaka sweta likalikaa sawasawa, na ndani ya sweta kukawa na mtoto tu. Mtoto akafungua dirisha, mwanga ukaingia nyumba nzima, na picha za ukutani zikageuka zenyewe. Mteja akashusha pumzi.

“Umejuaje?” Shemeji akamuuliza. “Watu wanalikimbia humo ndani wiki nzima, na likiwabana ukutani na maswali wanajaribu majibu mengine yote.”

“Sikujua kitu,” Dakika akasema. “Nimeshazoea tu. Ukisema ni mimi, watu wanaacha kukuuliza, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa ngapi akajibu saa tisa, na hilo ndilo lililoniuma. Akanywa kahawa, akarudisha kikombe, akashika mikono ya mkokoteni.

“Ni mimi,” Wembe akasema.

“Ameshabonyeza, shem,” Shemeji akamwambia. “Imekwisha.”

“Sisemi ya mshumaa. Nasema ya mbuzi.”

Mashine ya Mama Cherehani ikanyamaza. Wembe alisimama na rimoti yake amebana kifuani. “Ile jioni nilitaka feni yangu, ilikuwa imelala stoo. Kaka Dakika alikuwa ameinamia saa, ana kile kioo chake jichoni, hata hakuniona. Nikachukua ufunguo mezani pake, nikatoa feni, nikarudisha ufunguo. Mlango sikuufunga. Mpira ulikuwa umeshaanza.” Akamgeukia Mama Cherehani. “Nilitaka kusema asubuhi. Halafu nikaona majoho. Mama, yale majoho yangemtisha hata polisi.”

“Nilijua,” Dakika akasema.

Sote tukageuka.

“Feni yako ilikuwa inazunguka hapo ndani asubuhi ile. Ilipitaje stoo ikafika kwako?”

“Sasa mbona hukusema, kaka?”

“Mama Cherehani alipokuja kuniuliza nilikuwa kwenye kiti chako, Wembe. Unaninyoa ndevu. Umeweka wembe hapa.” Akaonyesha koo. “Hebu niambie ningeanzia wapi kukutaja.”

Mhariri alicheka mpaka gazeti likamtoka mkononi, na mwenye gazeti akaliokota haraka. Hata Wembe alicheka, machozi yakiwa yanamlengalenga, sura imemvurugika. “Na baada ya kunyolewa?”

“Baada ya kunyolewa nikasema, huyu ni kama mdogo wangu, atakuja kusema mwenyewe. Nikangoja.” Dakika akainua mabega. “Mnanijua, mimi si mtu wa haraka.”

Mama Cherehani akainuka. Ni mara chache tunamwona amesimama, na akisimama anakuwa mkubwa kuliko tunavyomkumbuka. Akazunguka mashine, akaenda mpaka mbele ya mkokoteni.

“Kaka Dakika,” akasema. “Nilikukosea. Nilikukosea mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu haohao. Na ninyi mkiendelea kunikodolea macho hivyo sitamaliza.”

Tukaangalia chini. Nilisikia anavuta pua, kisha nikasikia anafungua fundo la kamba.

“Yamekwisha, mama,” Dakika akasema.

“Hayajakwisha. Meza inarudi stoo na ufunguo unarudi kwako. Wembe, njoo ubebe. Ukimaliza kubeba utakaa pale kwenye kigoda changu upinde mipindo, na nikisikia umetaja mpira nakushona mdomo kwa uzi mweusi.”

“Ndiyo mama.”

“Na hiyo feni ninaichukua.”

“Ichukue, mama.”

Wembe akabeba meza peke yake, akakataa kusaidiwa, akajigonga mlangoni na hakulalamika. Dakika akakaa mwisho wa benchi. Nikamjazia kikombe kingine, na nikiri nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimwaga kidogo kwenye kiatu chake. Kwa muda kijiwe kilikuwa kama kawaida yake, kila mtu anaongea na hakuna anayesikiliza, na Mhariri anatueleza kwamba yeye tangu mwanzo alimshuku Wembe ila alikuwa anakusanya ushahidi.

“Imenoga hii,” Shemeji akasema. Akabonyeza mahali, ile nyumba yenye giza ikarudi kwenye kioo, na kule mwisho wa korido mtu akaanza kuhema. Akatunyooshea rimoti. “Chumba cha pili kina maswali mapya. Nani anafuata?”

Mhariri akasema amekumbuka ana dawa za kumeza. Akaondoka, na tunavyomjua hajawahi kuumwa hata mafua. Mteja akavua shuka la shingoni, akalikunja vizuri, akaweka mashine ya kunyolea juu yake, akasema kichwa kilichobaki atakuja kukimalizia wiki ijayo. Akashuka barazani mchana kweupe na nywele za upande mmoja, anatembea haraka bila kuona aibu.

Shemeji akanigeukia mimi. Nikamwambia samahani mwanangu, nimeacha maji jikoni. Akaangalia jiko langu lililokuwa hapohapo ubavuni mwa benchi, akaangalia birika mkononi mwangu, akaniuliza ni maji yapi. Nilikuwa nimeshafika kona.